Ubao Uliolazwa Kifudifudi

Jumanne asubuhi Hester Furness alifungua gereji akakuta udongo wa kupambia visima umepasuka ndani ya pipa. Jana yake alikuwa ameumwagia ndoo mbili za maji ya chumvi na kuufunika kwa magunia mabichi, kama tunavyofanya hapa kijijini Thornlow kila mwezi wa Juni, joto linapoanza. Sasa ulikuwa mkavu hadi chini ya pipa. Aliingiza kidole kwenye ufa mmoja, kidole kikazama chote bila kugusa unyevu popote.

"Mabel," aliita, "umewasha hita huku?"

"Hita mwezi wa Juni? Akili umeziacha kitandani, dada," mdogo wake alijibu kutoka jikoni. "Na nani kanywa maji ya birika? Nimelijaza sasa hivi."

Hao ndugu wawili, wote wameshapita sitini, walikuwa na nyumba ya wageni nyuma ya kanisa. Mabel alipika na kutandika vitanda. Hester aliwatembeza wageni kwenye vilima vya mawe meupe, makanisa ya kale, mashimo ya wachimba madini ya risasi, na miji yetu midogo ya soko. Alijua umri wa kila ukuta na alikwambia hata kama hukumuuliza. Nilimpenda Hester, lakini alikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kionekane na wageni.

Tuna visima vitano. Kila mwaka tunapaka udongo mbichi kwenye mbao, tunabandika petali za maua moja moja mpaka picha itokee, tunaisimamisha kando ya kisima, na mchungaji anakuja kubariki. Vinne vinapambwa hivyo. Cha tano, kisima cha chini, kipo mbele ya mazizi ya kondoo, na kilikauka zamani sana, wachimba risasi walipotoboa mfereji chini ya kilima wakayaondoa maji yote. Ubao wa kisima hicho hauna picha, ni petali nyeupe tupu, na hausimamishwi. Unalazwa kifudifudi juu ya mdomo wa kisima, maua yakitazama gizani. Ndivyo tulivyofundishwa, na hatukuuliza.

Mwaka ule Hester aliuliza. "Ukifunika uzuri, nani atauona?" aliiambia kamati. Tukakubali ubao usimamishwe ili wageni wapige picha. Mimi nilikuwa kwenye kamati hiyo, na mkono niliunyoosha pamoja na wenzangu.

Hayo yangesameheka. Lakini Jumamosi kabla ya Jumanne hiyo lilifika basi la wageni kumi na mmoja kutoka mji wa Coventry, waliotaka kubandika maua kwa mikono yao, na udongo haukutosha. Hester akachukua sepeto, akashuka hadi kisima cha chini, akauondoa ubao wa mwaka uliopita, akachimba kwenye mdomo wenyewe, ambako udongo ni wa buluu na laini. Wageni walivua viatu wakaukanyaga ndani ya pipa huku wakicheka. Mabel alitengeneza kigae kimoja cha mfano, cha ukubwa wa kisosi, na ua moja katikati. Wageni nao wakatengeneza vyao, na Jumapili wakaondoka navyo.

Jumatano vyombo vyote vya maua mle gerejini vilikuwa vikavu. Gereji ilianza kunuka jiwe la pangoni na chuma cha zamani. Mchana kweupe, Hester akiwa mezani na mkate wake na jibini, alisikia miguu ikikanyaga ndani ya pipa, pwata, pwata, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Alikwenda kutazama. Hapakuwa na mtu, na udongo ulikuwa mkavu vilevile, ila juu yake palikuwa na nyayo mbichi za mguu mwembamba ambao haukuwa wa mgeni yeyote.

Aliporudi alimkuta Mabel ameinama kwenye sinki, mdomo umebana bomba.

"Mabel, tumia glasi basi."

"Glasi ni ndogo." Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Niongezee kidogo, dada."

Daktari alimpima hakuona kitu. Alhamisi mchungaji wetu, Philippa, aliingia kanisani kupanga viti, akamkuta Mabel amepiga magoti mbele ya birika la mawe la ubatizo, uso wake umo ndani, na alipomshika bega Mabel akageuka, maji yanamtiririka kidevuni, akamtazama kama asiyemjua, akasema kwa sauti nzito ambayo haikuwa ya mtu aliyekuwa akituuzia keki kila sikukuu, kwamba maji haya ni yangu, yote mliyonayo ni yangu.

Hapo ndipo tulipomwita Bibi Olive Allsop. Ana miaka tisini na mmoja, na ukoo wake ndio uliopamba kisima cha chini tangu zamani. Alikuja na kigari chake cha kutembelea, akasimama mlangoni akinusa, akakataa chai.

"Nani kachimba kule?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, Bibi," Hester alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua mila. Sikujua kama kuna mwenyewe."

"Kila maji yana mwenyewe, mwanangu. Wale wachimbaji walimwibia, wakamwacha na kiu. Sisi tunamfunika uso kwa udongo mbichi na maua, tunamdanganya kuwa maji yamerudi, naye analala mwaka mzima. Wewe umemfunua, halafu umemkatakata ukamgawa kwenye basi."

Hester alikaa. "Nifanye nini? Sina mtu mwingine, Bibi. Ni yeye tu."

"Rudisha. Udongo wote, kabla ya kengele za baraka Jumamosi. Ukibaki hata wa kwenye ukucha, ataufuata ulipo."

Hester aliwapigia simu wote kumi na mmoja. Mama mmoja alimcheka, ila akakileta chake. Wengine walisema afadhali, maana kigae kilikuwa kinapasua rangi ya ukuta. Mzee mmoja aliendesha gari mwenyewe kutoka Coventry, akatoa chake kwenye mfuko, akagoma kuingia ndani.

"Mke wangu hajaacha kunywa tangu Jumapili," alinong'ona. "Nikiacha hiki hapa, ataacha?"

"Ataacha," Hester alimwambia, naye hakuwa na uhakika.

Kila kigae kiliporudi kisimani, Mabel alipata nafuu kidogo. Kufikia Ijumaa jioni, jua bado lipo kilimani, birika lilikaa na maji yake saa nzima, na Mabel alilala. Pipa lilikuwa limekwanguliwa hadi kwenye chuma. Hester alilia kwa furaha jikoni, na mimi nikamshika mkono.

"Vigae kumi na kimoja," Bibi Olive alisema. "Na kile cha mfano?"

Tulitazama dirishani kilipokuwa kimewekwa. Palikuwa na sahani tupu yenye alama ya duara.

Tulipanda chumbani. Mabel alikuwa macho, ametulia, na alipotutabasamia tuliona buluu katikati ya meno yake.

"Nilikuwa na kiu, dada," alisema. "Kilikuwa na unyevu bado. Nilikimaliza Jumatatu."

Bibi Olive alishuka ngazi moja moja, akavaa koti lake. Hester alimfuata mpaka barabarani akimshika mkono, akimwomba dawa nyingine, yoyote, hata ya kumkata yeye mwenyewe nusu, na yule bibi alikuwa analia bila kutoa sauti na hakugeuka.

Hester alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akauvaa shingoni, akafunga na dirisha kwa misumari, akakaa sakafuni ameegemeza mgongo mlangoni, na muda wote alimsikia mdogo wake akihema ndani na kuomba maji, na yeye akijibu nipo, nipo mdogo wangu, mpaka kengele za kanisa zilipoanza kulia Jumamosi saa tano na kule ndani kukawa kimya ghafla. Alifungua. Misumari ilikuwa mahali pake. Kitanda kilikuwa kikavu, na juu ya mto palikuwa na petali moja nyeupe.

Tulimkuta Hester kwenye kisima cha chini, amepiga magoti. Ubao ulikuwa umelazwa kifudifudi, sawasawa kabisa, udongo wake mbichi, na hakuna kati yetu aliyeulaza. Vijana wa zimamoto walishuka kwa kamba hadi chini. Walipanda na ndara za Mabel, na vumbi.

Ni miaka mitatu sasa. Kazi yetu ingekuwa rahisi: kila Juni tulaze ubao, tuondoke, mwenye maji alale. Lakini Hester haachi. Kila asubuhi anashuka na ndoo mbili, anainua ubao, anamimina, anainama kusikiliza. Nilimfuata siku moja nimkataze. Nilifika karibu, na kutoka chini, bila uzito ule wa kanisani, ikaja sauti ya Mabel ileile ya jikoni.

"Niongezee kidogo, dada."

"Ukiulaza ubao atanyamaza," nilimwambia Hester.

"Ndiyo," alisema. "Atanyamaza."

Nikamwachia ndoo zake, nikarudi nyumbani. Mwaka jana kisima cha juu kilikauka, na kile cha shuleni kikafuata. Jumatatu hii bomba langu limetoa hewa tu. Kamati imekaa jana kuamua nani aende akamnyang'anye Hester ndoo, na safari hii hakuna aliyenyoosha mkono.