Gari la Mkunga

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu ikiwa nje, na viatu vyake viling'aa.

Inspekta aliinama na magoti yake yakalalamika. Tangu jana hakuwa amelala. Alimulika tochi kifuani mwa marehemu, pale chuma cha gari kilipomkandamiza, kisha akaipandisha hadi kwenye kola ya shati. Lilikuwa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Jeki imemsaliti," alisema sajenti wake, mtu mzima anayesubiri kustaafu. "Ajali kazini, Afande. Tuandike, twende zetu."

"Wewe ukitaka kuingia chini ya gari la dizeli, utavaa shati la harusini?"

Sajenti alikuna kidevu. Ovaroli ya marehemu ilining'inia ukutani kwenye msumari, na kando yake ubao wenye magurudumu ambao mafundi huulalia wakiingia uvunguni. Stendi za chuma za kuzuia gari lisidondoke zilikuwa zimepangwa pembeni.

"Alikuwa ameshanawa," alisema Inspekta kwa sauti ya mwanamke ambaye angependa ajali iwe ajali. "Alikuwa anakwenda nyumbani."

Aliyemkuta asubuhi ile ni mchomeleaji wa karakana ya jirani. Bado alikuwa ameketi nje juu ya tairi kuukuu.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Inspekta alimuuliza.

"Mwoga."

"Mwoga wa nini?"

"Wa jeki. Tulikuwa tunamcheka. Hata spana ikibingirika uvunguni, haifuati mpaka aweke stendi kwanza."

"Gari ni la nani?"

"La mkunga. Linalala hapa zaidi kuliko linavyolala kwake. Leo taa ya injini, kesho turbo, keshokutwa nozeli. Akitengeneza huku, linavuja kule."

"Jana alikuja nani?"

"Nilifunga mapema. Nilimwacha anaongea na simu. Alikuwa anamwambia mtu, 'Mwambie wewe mwenyewe. Mimi sitaki kuwa wa kwanza.'"

Simu ya marehemu haikuonekana. Kampuni ya simu iliahidi kuleta majibu ya namba zilizopigwa, lakini Inspekta aliwajua. Majibu yao hufika mtu ameshasahau swali.

Mchana, daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita chumbani kwake.

"Alipigwa kisogoni kwa kitu kizito," alisema huku akivua glavu. "Mbavu zimevunjika baadaye, moyo ukiwa umeshasimama."

"Kwa hiyo maiti iliangushiwa gari."

"Ndiyo. Pole, najua ulitaka jibu jepesi."

Mkunga walimkuta kwenye zahanati yake, nyumba ya vyumba vitatu yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Alikuwa anakunja mashuka, na aliposikia habari aliendelea kukunja lile alilolishika mpaka likawa dogo kama kitambaa.

"Alikuwa mtu mwema," alisema. "Mara nyingine alinitengenezea kwa ahsante tu."

"Gari lilikuwa na nini safari hii, mama?"

"Lile lile. Likipanda mlima linakata nguvu, linatambaa kama lina mimba. Niliambiwa dizeli haili sana. Kweli, mafuta halili. Linanila mimi."

Hakucheka, na wao hawakucheka.

"Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka hospitali mama mmoja aliyekuwa anatoka damu," aliendelea. "Tukafika mlimani, taa ikawaka, gari likagoma kwenda. Tulisukumwa na wapita njia. Mtoto alipona. Mama yake hakufika."

Inspekta alifungua daftari lake.

"Gari ulinunua kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu wa kiume. Anauza magari ya mtumba. Nimemlea mimi, nimemsomesha mimi. Nisingenunua kwa mtu baki."

Walipotoka, mtaalamu wa magari wa polisi alipiga simu. Alikuwa ameshinda ndani ya gari lile na kompyuta yake.

"Dashibodi inaonyesha kilomita elfu themanini na tano," alisema. "Kompyuta ya giaboksi inasema laki mbili na arobaini. Mita imerudishwa nyuma, Afande. Chujio la masizi limeziba kabisa, turbo ndiyo inakata roho. Hili gari liliingia nchini likiwa mzee, wakalivisha nguo za kijana."

"Fundi alijua?"

"Nadhani. Waya wa kifaa chake cha kusomea kompyuta bado umechomekwa chini ya usukani. Kifaa chenyewe hakipo."

Mdogo wa mkunga alikuwa na yadi nzuri, magari yamepangwa kwa rangi, yameoshwa yakang'aa. Ofisini mwake aliwavutia viti mwenyewe.

"Fundi yule ulimjua?" Inspekta alianza.

"Kwa sura tu. Kwake sijafika."

"Dada yako analalamikia gari."

"Dada yangu ni mtu wa huruma, alikuwa anaibiwa. Yule alikuwa anabahatisha. Anabadilisha nozeli, anabadilisha sensa. Gari likishapita laki mbili, chujio lazima lizibe. Fundi mzuri angeanzia hapo."

Feni ya mezani iligeuka upande mmoja, ikarudi.

"Laki mbili?" aliuliza Inspekta.

"Nasema kwa jumla."

"Tulikuwa tunazungumzia gari la dada yako. Lina elfu themanini na tano. Hivyo ndivyo ulivyomwambia ulipomuuzia."

Kijana alianza kupanga karatasi zilizokuwa mezani.

"Sajenti," alisema Inspekta, "anza na droo."

Kifaa cha fundi hakikuwa kwenye droo. Kilikuwa kwenye buti la gari la tatu kutoka mlangoni, kimefungwa ndani ya taulo pamoja na simu na spana ya magurudumu. Juu ya spana kulikuwa na nywele.

Kituoni hawakumkaripia. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kukaripia. Inspekta alimweleza haki zake, akamsogezea maji, akangoja.

"Alinipigia," alisema kijana hatimaye. "Alisema amesoma kompyuta, amejua. Akanipa nafasi nikamwambie dada mwenyewe, maana ni damu yangu. Nisipomwambia, asubuhi hii yeye angemwambia."

"Ukaenda kumwomba anyamaze."

"Nilimwomba. Akasema hawezi. Akasema, 'Dada yako kila akija hapa ananiuliza kama ni yeye alichelewa kubadilisha oili. Kila siku anauliza. Anadhani amemuua yule mama.' Akageuka kuzima taa."

"Nawe?"

"Spana ilikuwa mezani."

Sajenti aliacha kuandika.

"Ulijua kwamba dada yako anajilaumu?" aliuliza Inspekta.

"Nilijua. Nilikaa naye msibani. Alinililia begani kuhusu oili hiyo hiyo, nami nikamwambia ajali haina kinga." Alijifuta uso kwa mkono mzima. "Nikimwambia ukweli, mimi ndiye niliyemuua yule mama. Machoni pa dada yangu, Afande. Wengine wote wangejua, ningevumilia. Siyo yeye."

"Sasa umeua kweli."

"Ndiyo."

Alitia saini. Inspekta alisimama kwa kuishika meza.

Mkunga alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi la mapokezi akiwa bado na aproni. Inspekta aliketi kando yake na kumweleza yote kwa mpangilio: mita, chujio, simu, spana. Alimweleza na habari ya oili, kwamba haikuhusika kwa lolote, kwamba gari lile lingekufa mlimani hata kama lingebadilishwa oili kila Jumapili.

Mikono ya mkunga iliyopokea watoto wa nusu ya mji ilikuwa imelegea mapajani.

"Yule fundi ana mke?" aliuliza.

"Ana mke."

"Nitakwenda kwake kwanza." Akavua aproni, akaanza kuikunja. "Huko ndani mlikomweka mdogo wangu, kuna baridi?"

"Usiku kuna baridi."

"Nitaleta blanketi," alisema mkunga. "Mtampa nyinyi. Mimi sitaingia."