Pumba za Bwana Laini

Mashine ya kusaga ilinguruma tangu asubuhi, na mwenye mashine alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele mpaka viatu. Wateja walimwita Bwana Laini. Hakuna aliyekoboa mahindi yakabaki meupe kama yeye. Nyumbani kwake hawakula unga mwingine ila huo uliokobolewa. Pumba zote zilikwenda kwa kuku.

Siku hiyo, chooni, aliiona kwenye kinyesi. Damu tena!

"Bawasiri tu," alimwambia mkewe.

"Bawasiri gani isiyoisha? Twende kwa mdogo wangu, sasa hivi!"

Mdogo wa mkewe alikuwa muuguzi hospitalini. Aliposikia, alishika kichwa. "Shemeji! Unaona damu na unanyamaza?"

Daktari alimpima utumbo mpana kwa kamera. Akakuta kinyama kimeota ndani, akakiondoa. Majibu yalipotoka, muuguzi alimsomea Bwana Laini. Hakikuwa saratani, lakini kama kingeachwa, kingeweza kuwa saratani.

"Mimi? Saratani?"

"Sababu ni nyingi," alisema muuguzi. "Umri, ukoo, sigara, hata chakula. Kwani pumba unapeleka wapi?"

"Kwa kuku."

"Basi kuku wanakula vizuri kuliko wewe!"

Muuguzi akaendelea taratibu. "Ndani ya utumbo mpana mna vijidudu vyenye faida. Vinakula nyuzinyuzi za pumba, maharage, mboga na matunda. Kisha vinatengeneza asidi ndogondogo za mafuta. Seli zenye afya za utumbo hula asidi hizo, zikapata nguvu. Lakini kule maabara, seli za saratani zikiwekewa asidi hizo, nyingi huacha kuongezeka, nyingine hufa."

"Ala! Kumbe dawa naimwaga mwenyewe?"

"Si dawa, shemeji. Ni kinga, tena si kinga kamili. Pumba hazitibu saratani. Ukiona damu, njoo hospitali."

Tangu hapo Bwana Laini alianza kula unga usiokobolewa, na maharage, na mboga. Aliporudi kupimwa, utumbo ulikuwa safi.

Jirani yake fundi viatu alipouona unga huo pale mashineni, alicheka mpaka machozi. "Laini, umefilisika? Unakula chakula cha kuku?"

Bwana Laini akamweleza yote, hata ile damu. Fundi akaacha kucheka. Akatazama chini.

"Hata mimi naiona," alisema kwa sauti ndogo. "Muda mrefu sasa."

Bwana Laini alishtuka. Foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni. Akazima mashine, akajipangusa unga.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda wote."