Aliyesema Ndiyo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya foleni ya malori pale Malaba Okurut alipotoka kupiga kopi ya vyeti vyake. Kwa miaka minne alikuwa ametafuta kazi bila kuitwa hata mara moja. Wiki hiyo aliitwa mara tatu. Kampuni ya kutoa mizigo forodhani, hapo hapo Malaba, ilikuwa tayari imemwandikia barua; ilimtaka aisaini kabla ya Ijumaa adhuhuri. Ghala la mahindi la Busia nalo lilimtaka, na meneja wake, Bwana Mukhwana, alikuwa ameahidi kumpa barua yake Ijumaa hiyo hiyo asubuhi.

Leo ilikuwa Alhamisi. Ilibaki intavyu moja, ya kuhesabu magunia katika stoo ya samaki ya mama aitwaye Roselida. Kazi hiyo Okurut hakuitaka. Alitaka tu akubaliwe, ili awaambie wale wawili kwamba hata wengine wanamtaka. Aliyelala njaa miaka minne, akiona sahani tatu, hunawa mikono yote miwili.

"Hiyo ya samaki wachana nayo," mkewe, Akwii, alimwambia kwa simu. "Mbili zinatosha."

"Naenda tu kuwasalimia."

Stoo ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Ndani kulikuwa na mabondo, vile vibofu vya tumboni mwa samaki aina ya mbuta ambavyo hukaushwa na kuuzwa nchi za mbali. Yalitandazwa juu ya waya, ya manjano, kama masikio yaliyokatwa. Mengine yalikuwa bado mabichi. Yalidondosha.

Tone... tone...

Mama Roselida aliketi juu ya kreti, akitafuna kitu ambacho hakikuisha. Hakuomba vyeti.

"Baba, kuna mwingine anakutaka?"

"Hapana, mama."

"Nikikupa hii, utakubali?"

"Nitakubali."

"Sema vizuri."

Okurut aliona ni neno tu. "Nimekubali, mama."

"Sisi hapa hatuandikiani barua. Leta mkono."

Okurut alijua alichotaka mama. Nyanya yake kule kijijini Moding alimtemea mate kifuani siku alipokwenda chuo. Mate ya mzee ni baraka, na anayeficha mkono amemtukana. Akaunyoosha.

Mate yalitoka polepole. Yalikuwa mazito, ya kijivu, na ndani yake gamba moja la samaki liling'aa. Yalikuwa ya moto. Mama alimkunja vidole, kimoja kimoja, kama anayefunga mfuko.

"Yasimwagike," alinong'ona.

Nyumbani alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, mwisho kwa mafuta taa. Kila alipokipangusa kiganja, kililowa tena. Binti yake wa miaka mitatu, Amoding, alimkimbilia, akasimama katikati ya chumba, akaziba pua.

"Baba Amoding, ulilala ndani ya mbuta?" Akwii alisema, akacheka. Alipomkaribia, kicheko kilimwishia. Usiku alimtandikia mkeka jikoni.

Asubuhi, saa tatu kasoro, Okurut aliingia katika ofisi ya kutoa mizigo. Maurine, karani wa mapokezi, alisukuma kiti chake nyuma hadi kikagonga ukuta.

"Umerudi kufanya nini?"

"Kusaini barua, dada."

"Saa mbili si ulikuwa hapa? Nikakupa kalamu." Alielekeza kidole kwenye ndoo ya takataka bila kuitazama. "Ukaitemea hiyo barua. Halafu ukayasambaza mate na mkono, polepole, ukitabasamu. Boss mwenyewe akiona. Mimi hata chai imenishinda."

Okurut aliinama juu ya ndoo. Barua ilikuwa mle, imelowa. Jina lake lilikuwa limeyeyuka. Juu yake liling'aa gamba moja.

Saa mbili alikuwa nyumbani, akisugua kiganja.

Alitoka nje, akampigia Bwana Mukhwana.

"Bwana, ni Okurut. Niko njiani. Nakuomba, mtu akija kwa jina langu..."

"Umesema ni nani?"

"Okurut."

Sauti ya meneja ilishuka. "Okurut ameketi hapa mbele yangu. Wewe ni nani?"

Upande ule kiti kilisogea. Mtu alikohoa. Okurut alikijua kikohozi hicho, kilikuwa chake. Kisha yule mtu akavuta kohozi kutoka mbali... mbali sana...

Thu.

"Yesu wangu," Mukhwana alisema taratibu. Simu ikakatika.

Alikwenda Busia hata hivyo. Askari wa lango hakumruhusu kushuka kwenye bodaboda. Alirudi Malaba jioni, akaenda moja kwa moja kwenye stoo.

"Mama, nimekuja kukataa. Chukua mate yako."

Mama Roselida alimtazama kama mtu amtazamavyo mgeni. "Kwani wewe ni nani?"

"Okurut. Jana ulinipa kazi."

"Okurut ako kazini."

Kati ya nyaya, mtu mmoja aliyewapa mgongo alikuwa akigeuza mabondo. Alivaa shati la samawati lenye kiraka begani, kiraka alichokishona Akwii. Alifanya kazi bila haraka, kama anayeipenda.

"Yule ndiye aliyesema ndiyo," mama alisema. "Nikamtuma kwanza akakatae kwingine. Mtu hali kwa mabwana watatu. Wewe ni yule ambaye hakutaka. Mwenye hataki namfanyia nini?"

"Na mimi niende wapi?"

Mama alitafuna.

Yule mtu alimaliza safu yake, akanawa, akaaga kwa adabu. Alipompita Okurut hakugeuza uso. Alinukia sabuni.

Okurut alimfuata. Yule alipita kibandani akanunua mkate. Alikata kona bila kuuliza njia. Mbwa wa jirani alimtikisia mkia, kisha akamwona Okurut nyuma yake... akabweka, akarudi kinyumenyume.

Mlango ulifunguliwa kabla ya kubishwa.

"Karibu, Baba Amoding. Kazi ilikuwaje?" Ilikuwa sauti ya Akwii, nyepesi, sauti ambayo Okurut hakuwa ameisikia kwa miaka minne. Mtoto alicheka. Komeo likafungwa.

Alisimama nje kwa muda mrefu. Ndani, vijiko viligonga sahani. Mtu alikohoa, akaomba maji, akasema asante.

Okurut aliweka kiganja juu ya mlango. Mbao zikalowa. Akafungua kinywa amwite mkewe kwa jina, na kinywa kikajaa mate mazito, ya moto.

Vijiko vilinyamaza.

"Usifungue," Akwii alinong'ona ndani. "Nasikia harufu mbaya."