Kiti cha Kushoto

Haya yalimpata Chebet, rafiki yetu nesi wa mji wa Arlington huko ughaibuni, mwaka 2019, wakati yeye na vijana wenzake walipokuwa wameshikwa na mapenzi ya magari ya spoti ya kizamani ya Mwingereza. Alisikia kuna MG nyekundu inauzwa mji wa Sugar Land, usukani wake uko kulia kama magari ya kwetu nyumbani. Akafunga safari.

Mzee mwenye nyumba alimfungulia bila salamu.

"Anayeuza ni binti yangu," alisema. "Mimi sikutaka. Nyinyi vijana mnapenda vitu msivyovijua."

Akampitisha jikoni hadi gereji. Nje jua lilikuwa linawaka, lakini mle ndani giza lilikuwa zito, na mzee hakuwasha taa. Chebet alipapasa mpaka akaupata mlango wa gari, akaketi kwenye kiti cha usukani. Mzee alibaki amesimama pale walipoingilia, kwenye mwanga hafifu wa mlango wa jikoni, ameziba njia.

"Shuka," akasema.

"Samahani, mzee. Nilitaka tu kuushika usukani."

"Sisemi na wewe."

Kisha springi za kiti cha kushoto zikalia polepole, kama zinavyolia mtu mzito anapoinuka. Chebet hakusikia mlango wa upande ule ukifunguka. Alichoona ni mzee akijibanza ukutani na kushusha macho, kama anayempisha mtu.

Chebet akanyoosha mkono gizani, akakigusa kile kiti. Ngozi yake ilikuwa imebonyea katikati, na ilikuwa na joto.