Mgeni Asiyesindikizwa

Kiti cha tatu kilikuwa na joto. Gathogo alikigusa akipita kuwasha kompyuta, akaurudisha mkono upesi. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu jana jioni, na waliofanya kazi humo walikuwa wawili tu: yeye, na Nasambu, aliyekuwa bado njiani kutoka Bungoma.

Jamani, mtu mwenye akili zake angeshuka ngazi hapo hapo. Gathogo hakushuka. Programu yao ya kuhifadhi faili za kliniki moja ya Bungoma ilikuwa inakula memori ya mashine tangu Jumatatu, inakula tu haitemi, mpaka kila kitu kinakwama. Na si hilo tu. Jana alipofika kwake Kibomet na kumpakata mtoto wake mchanga, mtoto alikazia macho nyuma ya bega la babake, akalia hadi sauti ikamkauka. Mkewe Lorraine akanusa shati lake. "Baba Gathoni, mbona unanuka nywele zilizoungua?" Gathogo aliapa harudi nyumbani na kitu hicho tena, liwe liwalo.

Nasambu alifika na mvua, wakainama kwenye skrini. Mchana wa Kitale ukawa giza, mabati yakapiga kelele.

"Nimeipata," Nasambu akasema. "Ona. Kazi mbili zinafika kwa faili moja wakati mmoja. Zote zinaifungua. Zikimaliza, kila moja inaona mwenzake bado yuko, inajiendea. Hakuna anayefunga, memori inabaki imeshikwa."

"Kila mtu anamwachia mwenzake."

"Eeh. Kama mgeni aliyekaribishwa na watu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atamsin..."

Akageuka kuutazama mlango. Kisha akanong'ona, "Gathogo, Jumatatu si tulibishiwa hodi?"

Walibishiwa, naam. Wote wawili wakaitika "Karibu!" kwa pamoja bila kuinua vichwa, mlango ukafunguka, ukajifunga. Gathogo alidhani ni mgeni wa Nasambu. Nasambu alidhani ni wa Gathogo. Hakuna aliyeuliza.

Kiti cha tatu kikalia kwii, kama mtu anayejiweka sawa.

Gathogo alirukia mlango lakini kitasa kilikataa kuzunguka, akakivuta kwa mikono miwili huku harufu ile ya nywele ikimjaa puani na kooni, na kadiri mashine ilivyozidi kumeza memori ndivyo hewa ya chumba ilivyozidi kupungua, hata ikawa pumzi aliyoivuta ni kama imekwisha kuvutwa na mtu mwingine, mtu aliyeketi nyuma yake akipumua taratibu, bila haraka yoyote, kwa kuwa alikaribishwa.

"Ni nani huyo?" akauliza, akikiachia kitasa.

"Sijui bana. Lakini kukhu, bibi yangu, alituambia mgeni hatoki mpaka aliyemkaribisha amfikishe barabarani. Hata akiwa jini, anangoja heshima yake."

"Tuombe Mungu."

"Omba ukiandika!"

Gathogo akarudi kwenye kompyuta, akaandika. Akakosea, akafuta, akaanza upya: kila anayeingia ahesabiwe, kila anayetoka atolewe hesabuni, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ndiye afunge. Nasambu alisoma kila mstari kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Wakaiwasha programu. Memori ikashuka, ikashuka tena, ikatulia. Kitasa kikalia tik.

"Sasa tumsindikize. Sisi wote," Nasambu akasema. "Usitazame nyuma."

Waliteremka ngazi, na katikati yao zilisikika nyayo za mtu wa tatu, nzito, zilizolowa. Wakavuka ua, wakafika barabarani. Nasambu akainamisha kichwa. "Mulembe, amani iwe nawe. Nenda salama." Nyayo zikaanza kwenda zake, na Gathogo akahisi kifua kikifunguka, furaha ikampanda hadi machozi. Sasa huyu Gathogo alilelewa na mama ambaye hakuna aliyewahi kuondoka kwake bila neno zuri. Ulimi ukajiendea wenyewe.

"Haya, karibu tena! Siku nyingine ufike hadi nyumbani uone mtoto."

Nasambu alijiziba mdomo. "Gathogo! Umesema nini?"

Nyayo zikasimama. Zikageuka, zikawapita karibu sana, zikashika njia ya Kibomet, na safari hii zilikuwa zinakimbia.

Gathogo akapiga simu huku naye akikimbia kwenye matope. Ililia, ikalia, ikashikwa.

"Lorraine! Usifungue mlango! Mtu yeyote akibisha hodi, usiitike!"

"Ongea polepole, mtoto amelala," Lorraine akasema. "Kwani mgeni si wako? Amebisha sasa hivi, nimeshamwambia karibu."