Harufu Aliyopokea kwa Mdogo Wake

Pasi ilikuwa ya baridi, umeme wenyewe haukuwepo, lakini fundi cherehani alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Akapekua vitambaa vyote, akainama na tumbo lake la miezi minane mpaka chini ya meza. Wapi! Hakuna kilichoungua.

Mumewe alikuja akanusa, akasema ni mambo ya mimba hayo. Wateja wakanusa, wakatazamana. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa akija kila siku kumsaidia kushona vifungo, ndiye aliyemtuliza zaidi. Alimwambia hapa hapanuki chochote, asijitie wazimu bure. Naye akaamini, maana wamelala kitanda kimoja tangu utoto, asimwamini yeye amwamini nani?

Basi harufu ikazoea nyumba. Mchana kweupe, watu wakipita zao barabarani, ilikuja imechanganyika na marashi, ikakaa kwenye kiti cha wateja, ikainuka, ikamzunguka, ikamshukia tumboni kama mkono wa mtu, na kila iliposhuka mtoto aliyekuwa akichezacheza humo ndani alitulia tuli, akatulia mpaka mama mtu akawa anajigongagonga tumbo kwa vidole huku machozi yanamtiririka, akimsihi ageuke walau mara moja.

Siku moja kifungo kilimponyoka mdogo mtu. Alipoinama kukiokota na kuinua uso, dada akaona kitu cheupe puani mwake. Pamba. Tundu zote mbili kaziba.

"Kumbe unaisikia," dada akanong'ona.

Mdogo mtu hakukana. Jini lilikuwa lake, akasema. Lilimharibia mimba mbili, na mganga akamwambia hilo halifukuziki, linapewa tu ndugu wa damu ndani ya zawadi, na huyo ndugu aipokee kwa mdomo wake mwenyewe. Ndipo siku ile akamletea dada mtandio wa zawadi. Na dada, masikini ya Mungu, alimkumbatia akasema asante.

"Lichukue, mdogo wangu. Sema tu umelichukua. Mtoto wangu hachezi tangu asubuhi."

Mdogo mtu akajishika tumbo, ambalo hata halijaanza kuonekana.

"Siwezi, dada. Na mimi ninayo. Safari hii imeshika."

Akakusanya sindano zake, akajitanda vizuri. Mlangoni akageuka, akasema kwa upole uleule wa siku zote:

"Kesho sitakuja. Harufu hii si nzuri kwa mwenye mimba."