Aliyekaa Chini ya Mkeka

"Baba, kuna mtu chini ya mkeka hapo nje."

Baba aliendelea kukoroga chai yake.

"Nimemwona. Akae."

Nikasogeza pazia. Kwenye majani mbele ya nyumba yetu hapa Mangere, mbali na Samoa kwetu, mtu alikuwa amepiga magoti, amejifunika gubigubi mkeka laini wa ukoo. Sisi Wasamoa hatuulizi maana yake. Aliyekosa hujifunika na kungoja, na mwenye nyumba ndiye anayeamua kumfunua au kumwacha.

Roho iliniuma. Nilijua ni Amosa wangu. Mwezi uliopita mama yake alisimama mbele ya kanisa zima akasema mwanawe haoi binti aliyelelewa kwenye banda la gari. Ni kweli, nyumba hii tulikaa familia tatu na sisi tulilala bandani. Lakini baba aliapa ukoo ule hautakanyaga kwake tena, harusi yetu ikafa hapo hapo.

"Baba, jua linawaka. Ataanguka."

"Aanguke. Mama yake atakuja kumwokota."

"Mimi nampenda."

"Nimekuuliza?"

Jumamosi mtaa wetu ni kelele tupu za mashine za kukata majani. Bwana Parshotam, jirani yetu, alikuwa anasukuma yake. Alipouona mkeka akaizima. Wa ng'ambo ya barabara naye akazima. Watu wakasogea kwenye uzio, kofia mkononi, hakuna aliyekohoa. Nimezaliwa mtaa huu na sikuwahi kuusikia ukinyamaza.

Nikamwandikia Amosa: "Mpenzi, inuka uende kwenu. Baba hatoki. Usinifie hapo nje."

Akajibu: "Niinuke wapi tena? Niko kazini uwanja wa ndege, napakia mizigo."

"Acha utani. Chini ya mkeka ni nani?"

"Mkeka gani, Tiresa?"

Nikampa baba simu. Alisoma, akarudia kusoma, akaweka kikombe chini. Akatoka pekupeku, nami nyuma yake. Akainama, akashika pindo, akafunua.

Mama Amosa. Yule yule ambaye kanisani watu humpisha njia. Nywele zimelowa jasho, uso umeinamia majani.

"Umekuja peke yako?" baba aliuliza, sauti imeshuka.

"Mdomo uliowatukana ulikuwa wangu peke yangu."

"Mwanao anajua?"

"Angenizuia. Kaka yangu, mkinipiga sawa, mkinifukuza sawa. Ila mtoto wangu hali, halali. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo."

Mbele ya mtaa mzima, baba naye akapiga magoti, wakawa uso kwa uso. Mwanaume huyu simjui akimpigia mtu magoti.

"Inuka, dada."

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi."

"Basi nishike. Na mimi sijui kama nitainuka."

Tuliwanyanyua, mimi na Bwana Parshotam aliyeruka uzio bila kuitwa. Mlangoni baba akasema bila kunitazama:

"Mpigie huyo kijana. Mwambie mama yake yuko kwetu, anakula. Yeye aje na wazee wake, tupange siku."

Nikapiga.

"Amosa, mama yako yuko mezani kwetu. Baba anammenyea majimbi."

"Mama yangu mimi?"

"Wako. Baba anasema mje kupanga siku."

Nikamsikia tu, mwanaume mzima, analia katikati ya mizigo ya watu.